Boila imegoma: anza hapa kabla hujalipa paundi elfu tatu

Disemba mwaka juzi nimetoka shifti ya usiku, nje barafu imeganda mpaka vioo vya magari, nafungua mlango nakuta nyumba baridi kama friji na wife kajifunika blanketi mbili na mtoto. Boila jikoni inafanya glu glu glu, inajaribu kuwaka, inazima, kwenye kioo kuna herufi na namba ambazo sizielewi. Nikapiga simu kampuni moja niliyoiona mtandaoni, jamaa kafika mchana, kaangalia kama dakika nne hivi, akasema boila ya miaka tisa hiyo bosi, imekwisha, £3,200 kesho tunakufungia mpya na unaweza kulipa kidogo kidogo. Mi nilishaanza kutafuta kalamu. Wife ndo akasema ngoja kwanza. Jioni mzee jirani yetu akaja na jagi la maji ya vuguvugu, akazunguka nyuma ya nyumba, akamwagia taratibu ile paipu nyeupe ya plastiki inayotoka ukutani, kama dakika kumi, akaniambia nenda kabonyeze riseti, kile kitufe cha kuiwasha upya. Ikawaka. Na boila hiyo hiyo ndo inanichemshia maji ya kuoga mpaka leo.

Tangu siku hiyo nikawa nasoma hizi mambo na kuwaganda mafundi kwa maswali, na kila baridi ikianza simu yangu haitulii, shemeji huyu, rafiki yule, boila imegoma tufanyeje. Basi naandika mara moja niwe nawatumia hii. Ni kwa ajili yetu tulioko Uingereza, boila za gesi ya bomba, zile zinazopasha redieta za ukutani na maji ya kuoga.

Kitu cha kwanza kabisa, mpaka wako ni kile kifuniko cha boila. Vya nje, yaani vitufe, saa, presha, themostati, redieta, ile paipu ya plastiki ya nje, gusa. Ukishahitaji bisibisi kufungua kifuniko, acha, kwenye boila nyingi kifuniko chenyewe ndo kinazuia moshi usiingie ndani. Na mtu anayefanya kazi ya gesi kwa malipo lazima awe kwenye Gas Safe, rejista ya mafundi wa gesi, ndo sheria (zamani ilikuwa CORGI, ilibadilishwa 2009, kwa hiyo mtu akikuonyesha kadi ya CORGI leo mwonyeshe mlango). Kadi yao ina picha mbele, geuza nyuma, nyuma ndo kumeandikwa anaruhusiwa kugusa nini, mwingine ana ruhusa ya majiko tu hana ya boila. Namba ya kwenye kadi unaiangalia kwenye tovuti yao bure. Usione haya kuomba, fundi wa kweli anaitoa hata kabla hujaomba.

HARUFU YA GESI, AU KICHWA KINAUMA NYUMBA NZIMA

Hapa hamna kutafuta sababu. Harufu ya gesi: usiwashe taa wala kuzima, usiwashe kiberiti, fungua madirisha na milango, zima gesi pale kwenye mita kama unafika (kile kishikio kikiwa kimelala sambamba na paipu gesi iko wazi, kikikata paipu kama msalaba imefungwa), toka nje, ukiwa nje ndo upige 0800 111 999. Ni bure, saa 24, England, Scotland na Wales. Wanakuja kuzuia hatari tu, hawatengenezi boila yako, hiyo utamtafuta fundi mwenyewe.

Kuna kitu kinatuchanganya tuliotoka kwenye mitungi. Nyumbani tumefundishwa gesi inazama, inalala chini sakafuni, na ni kweli kwa gesi ya mtungi. Hii ya bomba ya huku ni methani, nyepesi kuliko hewa, inapanda juu. Kwa hiyo usiiname kunusa chini ya sinki ukasema hamna kitu.

Sasa ile nyingine haina harufu kabisa, kaboni monoksaidi. Inatoka pale gesi inapoungua bila hewa ya kutosha. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchoka, kukosa pumzi, unafikiri ni mafua ila homa huna, na mnaumwa wote pamoja na paka, alafu mkienda kwa watu mnapona, mkirudi inaanza tena. Ukiona hivyo toka nje na wote, piga namba hiyo hiyo, mtu akizidiwa piga 999. Habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke tumezisikia tangu utotoni, basi ni sumu ile ile. Na naomba niseme hapa maana nimeona kwa macho yangu: umeme wa kulipia umeisha, boila imezima, mtu kaingiza jiko la kuchomea nyama sebuleni na mkaa wake. Hata kwa dakika tano, hata na dirisha wazi, usifanye.

Nunua alamu yake, bei yake haifiki hela ya kwenda sinema na familia, angalia imeandikwa EN 50291, iweke chumba chenye boila kama mita moja mpaka tatu kutoka kwenye boila. Sio ya moshi, hizo ni mbili tofauti. Na yale matundu ya hewa ukutani ambayo tunayaziba na matambara kwa sababu yanaleta baridi, yaache, kuna boila za zamani na majiko ya sebuleni yanapumulia hapo.

BOILA IMEKUFA KABISA, HAMNA HATA TAA

Hapa mara nyingi ni umeme, boila haina kosa. Angalia kwenye boksi la swichi kama kuna iliyoruka chini. Alafu karibu na boila kuna swichi yenye kijidroo kidogo cha fyuzi, ndani kuna fyuzi ya ampia 3 ya hela ndogo sana. Imeshawahi kuungua kwa mtu nnayemjua akakaa siku tatu bila maji ya moto kumsubiri fundi, fundi kaja kabadilisha fyuzi kachukua paundi 85 zake. Lakini ukiweka mpya nayo ikaungua hapo hapo usiendelee kubadilisha, kuna kitu kinapiga shoti ndani.

TAA IPO LAKINI HAIWAKI

Anza na themostati ya ukutani, kama ni ile isiyo na waya ina betri ndani, zikiisha boila haipati amri ya kuwaka. Angalia na saa yake, siku zile za kubadilisha saa Machi na Oktoba watu wengi wanalalamika boila inawaka saa ya ajabu, kumbe saa ndo haijabadilishwa.

Alafu gesi yenyewe ipo? Washa jiko la kupikia. Likiwaka, gesi inaingia nyumbani, shida iko kwenye boila. Lisipowaka, angalia mita. Wengi wetu tuko kwenye mita za kulipia kwanza, hela ikiisha gesi inajifunga, na ukishaweka hela mita nyingi zinataka ubonyeze kitufe hapo hapo kwenye mita kukubali kufungua, alafu uende kwenye boila ubonyeze riseti. Watu wanaweka hela wanarudi kukaa wanasubiri muujiza. Kama mita ina hela na jiko haliwaki wapigie walewale wa dharura.

Riseti bonyeza mara moja, subiri, mara ya pili, basi. Ikizima tena iache, inakataa kuwaka kwa sababu, na sababu yenyewe imeiandika kwa ile kodi ya kosa, yaani zile herufi na namba kwenye kioo. Ipige picha. Kitabu cha boila kinaeleza kila kodi, kama kimepotea andika jina la boila na modeli mtandaoni unakipata.

Na kama nje kumeganda na boila inafanya glu glu kama mtu anakunywa soda na mrija, ni ile paipu yangu. Boila za kisasa zinavuna joto la moshi kabla haujatoka, ule moshi ukipoa mvuke wake unageuka maji, hayo maji yanatoka kidogo kidogo kwa paipu ya plastiki kwenda nje. Baridi kali yanaganda ndani ya paipu, maji yanarudi nyuma, boila inajizima isijijaze. Dawa ni maji ya vuguvugu (sio ya kuchemka, utapasua plastiki), anzia kwenye kona na mwisho wa paipu maana barafu inapenda kukaa hapo, na angalia yale unayomwaga yasigande njiani ukaja kuvunja kiuno. Ukipata hela mwambie fundi akubadilishie sehemu ya nje iwe nene, milimita 32, aivishe sponji yake. Mi nilimlipa paundi 140 na haijaganda tena.

PRESHA

Hii ndo maarufu, presha ya maji yaliyomo kwenye boila na redieta. Kuna kigeji cha mshale au namba kwenye boila. Ikiwa baridi inatakiwa iwe kama baa (kipimo cha presha) 1 mpaka 1.5, ikipata moto inapanda kidogo. Chini ya 0.5 boila nyingi zinagoma.

Kuijaza ni kazi yako. Tafuta chini ya boila kimpira cha kusukwa na waya wa chuma chenye vikoki viwili (zingine zina kifunguo cha plastiki au kishikio tu, angalia kitabu). Boila ikiwa imezimwa na imepoa, fungua vyote viwili polepole, utasikia maji yanaingia shhh, macho kwenye geji, ikifika 1.2 au 1.5 funga, vyote viwili, na hakikisha. Usipofunga vizuri kimoja presha inapanda taratibu usiku kucha mpaka ikifika baa 3 vali ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje kupitia kapaipu ka shaba ukutani.

Ukijaza mara moja kwa miezi kadhaa, sawa. Ukijaza kila wiki kuna mahali inatoka. Pitia redieta zote chini ya vali zake, shika na karatasi ya chooni kavu, hata tone dogo litaonekana, angalia dari za chini kama kuna doa. Usikubali maisha ya kujaza tu maana kila ukijaza unaingiza maji mapya yenye oksijeni na oksijeni ndo inaleta kutu ndani ya redieta.

Shemeji yangu wa mji wa Reading alikuwa anajaza kila asubuhi, kama zamani tunavyojaza mafuta kwenye kandili. Alishaambiwa na fundi mmoja abadilishe boila. Nikamuuliza mshale unafanyaje ukiwasha? Akasema unaanza moja, ikipata moto inakimbia mpaka karibu na tatu, usiku ikipoa iko sifuri. Nje ya ukuta chini ya kale kapaipu ka shaba pametota. Hiyo ni karibu kila mara kitangi cha kupokea maji yanapotanuka, kitangi cha chuma ndani kina mpira, upande mmoja hewa upande mwingine maji. Hewa ikiisha maji ya moto hayana pa kwenda, presha inaruka, vali inamwaga. Fundi wa Gas Safe alikuja na pampu ya mguu kama ya baiskeli, akatoa maji, akajaza hewa kwenye kivali kile kile kama cha tairi, paundi 90. Wakati mwingine ule mpira umepasuka inabidi kitangi kipya, na vali ikishamwaga mara nyingi nayo inaweza isifunge vizuri tena, ila bado ni mamia ya paundi sio maelfu.

MAJI YA BOMBA MOTO, REDIETA BARIDI (AU KINYUME)

Kwenye boila ya kombi, ile isiyo na silinda ya maji, kuna vali inayogeuza njia: ukifungua bomba la maji ya moto inapeleka joto huko, ukifunga inarudisha kwenye redieta. Ikikwama ndo unaona vituko, maji ya kuoga yanapata moto pale tu hita zinapokuwa zimewashwa, au kiangazi mwezi wa Julai unaoga na redieta zinawaka. Fundi, kama paundi 200 mpaka 400 na kazi yake. Maji yanayokuja moto baridi moto baridi unaoga unaruka ruka, hasa London na kusini mashariki ambako maji ni magumu, mara nyingi ni chokaa ile ile unayoiona kwenye birika, imeganda kwenye kile kibati cha kubadilishia joto. Ila jaribu kwanza kupunguza kasi ya bomba, kombi ina kiwango chake cha maji kwa dakika, ukifungua mabomba mawili kwa pamoja usiilaumu.

Redieta moja baridi juu, moto chini: hewa. Zima hita, chukua kifunguo chake cha dukani, legeza kile kiskrubu cha juu pembeni na kitambaa mkononi, isikie ikipumua, maji yakianza kutoka funga. Baada ya hapo presha itashuka, jaza. Baridi chini katikati na moto juu: tope, kutu nyeusi imekaa chini. Ile ya mbali tu ndo baridi: pengine hazijasawazishwa, za karibu zinakula maji yote.

INANGURUMA KAMA BIRIKA

Boila ikipiga kelele kama maji yanataka kuchemka, ni chokaa au lile tope limeshika ndani, maji yanapita kidogo na yanachemka hapo hapo. Kusafisha mfumo mzima kwa mashine ni kama paundi 400 mpaka 700, na hapo mwambie afunge na kile kichujio cha sumaku, kinanasa kutu. Hii ndo sehemu nnayowaonya sana, mtu anafungiwa boila mpya kwenye redieta zenye tope la miaka ishirini bila kusafisha, miaka miwili mbele boila mpya inanguruma vile vile na kampuni ya waranti inasema hatulipi, maji yako machafu. Na wana haki.

MOTO WA NJANO

Boila mpya nyingi huuoni moto. Ila jiko la kupikia unauona, na boila za zamani zina kidirisha. Moto mzuri ni wa bluu umesimama. Ukiwa wa njano au machungwa, mlegevu, unayumba, au unaona masizi meusi juu ya kifuniko au ukutani, zima, usitumie tena mpaka fundi aone. Kwa jiko angalia kwanza kama vile vikofia vya chuma umevirudisha sawa baada ya kuosha, hiyo peke yake inaleta moto wa njano.

SASA LINI NI KWELI INATAKIWA MPYA

Mi kipimo changu: ina zaidi ya miaka 12 hivi, na kilichoharibika ni kibadilisha joto kikuu (pale moto wa gesi unapopasha maji) au bodi ya umeme, na vipuri vimeanza kuwa shida kupatikana. Bodi na kazi inaweza kula paundi 300 mpaka 500, kibadilisha joto zaidi. Ukishatoa hizo kwenye boila ya miaka kumi na tano ni kama kumnunulia gari bovu tairi mpya nne. Chini ya miaka minane, mtu akikwambia mpya, muulize ni kipuri gani kimekufa, akiandike, alafu ita mwingine.

Bei za miaka hii, kombi kwa kombi, pale pale ukutani, na kufunga, ni kama £2,000 mpaka £3,500, London juu zaidi. Ukihamisha mahali, au unatoka mfumo wa silinda na tangi la darini kwenda kombi, ongeza mamia mpaka elfu na zaidi. Chukua kwotesheni tatu za maandishi na uzisome, ya rahisi mara nyingi imeacha kusafisha, imeacha kichujio, imeacha themostati. Na uliza kuhusu paipu ya gesi. Kombi inavuta gesi nyingi kuliko boila ya zamani, paipu ya milimita 15 iliyotoka mbali kwenye mita inaweza isitoshe, inatakiwa 22, na fundi lazima apime presha ikiwa inafanya kazi. Anayesema itatosha tu bila kupima, mwache aende. Asikuuzie kubwa pia. Redieta za nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu mara nyingi hazihitaji hata kilowati 10, zile 24 au 30 ni kwa ajili ya maji ya kuoga, sasa wewe una bafu moja unafungiwa ya 40 ya nini?

Ndugu yetu anayejua gesi atakufungia kwa mia tisa keshi, najua yupo, kila mji yupo. Kama hana kadi hapana. Tuchangiane harusi, tuchangiane msiba, kwenye gesi mi nataka kadi.

UKIWA UMEPANGA

Soma hizo dalili ujue shida ni nini ila bili sio yako. Hita na maji ya moto ni jukumu la mwenye nyumba, England iko kwenye sheria ya 1985, Wales kwenye sheria yao ya 2016, na kila mwaka lazima alete fundi wa Gas Safe akague, nakala ya karatasi upewe ndani ya siku 28. England tangu Oktoba 2022 lazima akuwekee na alamu ya kaboni monoksaidi chumba chenye boila. Mwandikie meseji au imeili, sio simu tu, weka picha ya ile kodi ya kosa kwenye kioo na tarehe. Akikaa kimya nenda kansili, kitengo cha afya ya mazingira. Na usilete fundi wako mwenyewe kufungua boila ya mtu.

KARATASI

Boila mpya ikishafungwa fundi hajamaliza akikunja begi. Ajaze kile kitabu cha vipimo mbele yako, asajili waranti (uliza siku hiyo hiyo, nyingine zina mwisho wa siku 30), na aitaarifu Gas Safe ili kile cheti cha kanuni za ujenzi kije kwako kwa posta. Waranti ya miaka kumi inakufa usipofanya sevisi kila mwaka, ni kama paundi 80 mpaka 120, weka risiti zote. Cheti kisipofika baada ya mwezi na kitu mpigie fundi, maana siku ya kuuza nyumba wakili wa mnunuzi atakiulizia. Kama ulikipoteza tu Gas Safe wanatoa nakala kwa ada ndogo, ila kama kazi haikusajiliwa hamna cha kunakili.